Mfereji Usiposafishwa: Jinsi Vita Vinavyoharibu Kilimo cha Umwagiliaji katika Uwanda wa Ruzizi



Mtu akituuliza vita vimeharibu nini, tunajibu haraka: vimeua watu, vimechoma nyumba, vimepora ng'ombe na mbuzi. Majibu hayo ni ya kweli. Lakini kuna kitu kingine ambacho vita hukiharibu polepole, na uharibifu wake huendelea kuleta njaa hata baada ya watu wenye silaha kuondoka. Kitu hicho ni mfereji wa maji ya shamba.

Katika makala haya tunaeleza jinsi mapigano yanavyovunja kilimo cha umwagiliaji, kwa nini mavuno hayarudi siku ile ile ambayo watu wanarudi, na nini kinaweza kufanywa na familia zilizohama pamoja na viongozi wao. Mfano wetu ni Uwanda wa Ruzizi, katika jimbo la Kivu ya Kusini. Wasomaji walio Ituri, Kivu ya Kaskazini au Tanganyika wataona kwamba mambo mengi yanafanana na ya kwao.

UWANDA UNAOTEGEMEA MAJI YA MLIMANI

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki kuna Rwanda na Burundi. Upande wa magharibi kuna Kongo, kuanzia Kamanyola, kupitia Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba, mpaka Uvira. Juu ya uwanda huo kuna milima ya Itombwe, yenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Mvua hunyesha kwa wingi kule milimani, lakini uwandani ni joto na mvua ni kidogo. Kwa hiyo mkulima wa uwandani hula kwa maji ya mlimani. Mito midogo kama Luberizi, Sange na Kiliba hushuka kutoka mlimani, na wakulima huyakamata maji hayo kabla hayajafika Ruzizi, wakayaelekeza mashambani kwa mifereji.

Sehemu ya mifereji hiyo ilichimbwa tangu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, uwanda ulipokuwa ukilimwa pamba. Baadaye mpunga ulichukua nafasi kubwa, pamoja na mahindi, mihogo, maharagi, nyanya na vitunguu. Huko Kiliba miwa ilimwagiliwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari, ambacho kiliajiri watu wengi wa eneo hilo. Vita vya mwaka 1996 vilipofika Uvira, kiwanda kilisimama. Kilibaki kimya kwa miaka mingi, na mashamba ya miwa yakaota majani.

Vita havikuishia hapo. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Baada ya mapatano ya 2002 na serikali ya mpito ya 2003, vikundi vyenye silaha viliendelea kuwako milimani na uwandani. Juni 2014 watu wa Mutarule waliuawa usiku, na familia nyingi zikahama. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, kisha Kamanyola. Desemba 2025 mapigano yalishuka uwandani mpaka Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Kila mara watu walipokimbia, mifereji ilibaki bila mwenyewe.

MFEREJI NI KAZI YA WATU WENGI

Shamba linalotegemea mvua linaweza kulimwa na familia moja peke yake. Shamba la umwagiliaji haliwezi. Lina sehemu nyingi zinazotegemeana: banio, yaani pale maji yanapokamatwa mtoni, mfereji mkubwa, mifereji midogo inayoingia mashambani, na mitaro ya kuondoa maji yaliyozidi. Sehemu moja ikiziba, nyingine zote zinapata shida.

Mito ya mlimani hushuka na mchanga, mawe na tope. Kwa hiyo kabla ya kila msimu wa kupanda ni lazima watu watoke kwa salongo, na majembe na machepe, wachimbe tope, wakate majani na kurekebisha kingo. Tena kila juma mtu fulani lazima apite kuangalia kama maji yanafika, na kama kuna aliyefungua zamu isiyo yake.

Tuchukue mfano rahisi. Tuseme mfereji una urefu wa kilomita 3 na unatumiwa na familia 60. Kila familia husafisha mita 50. Vita vikitokea, familia 20 zinakimbia. Sasa mita 1,000 hazina mtu wa kuzisafisha. Kama mita hizo ziko juu, karibu na banio, basi familia 40 zilizobaki hazitapata maji, hata kama vipande vyao ni safi kabisa. Kumbe thuluthi moja tu ya watu imeondoka, lakini maji yote yamepotea.

Hapo ndipo kilimo cha umwagiliaji kinatofautiana na kilimo kingine. Kuondoka kwa jirani yako kunapunguza mavuno yako wewe uliyebaki.

VITA VINAVYOFIKA SHAMBANI

Uharibifu huingia kwa njia nyingi. Tutaje zile ambazo wakulima wanazijua zaidi.

1. Msimu hupotea. Katika eneo letu msimu A huanza Septemba mpaka Januari, na msimu B huanza Februari mpaka Juni. Wakati wa kiangazi wenye maji hulima msimu C. Mpunga hukaa kitaluni majuma matatu au manne, kisha hupandikizwa, na huvunwa baada ya miezi minne au mitano tangu kusia. Mapigano ya majuma mawili tu, yakiangukia wakati wa kupandikiza, yanatosha kupoteza msimu mzima, kwa sababu miche huzeeka kitaluni.

2. Maji hukosekana wakati wa kuchanua. Mpunga unavumilia shida nyingi, lakini ukikosa maji wakati unachanua, masuke huwa mapepe. Mkulima anayekimbia wakati huo akirudi baada ya mwezi ataona shamba limesimama, lakini ndani ya ganda hamna kitu.

3. Ndege hula. Punje zikiwa bado na maziwa, watoto na akina mama hukaa shambani kutwa nzima kufukuza ndege. Kama hatari inawazuia kwenda, ndege huvuna kabla ya mwenye shamba.

4. Mashamba ya mbali huachwa. Wanawake wanaogopa kubakwa njiani, wanaume wanaogopa kukamatwa na kubebeshwa mizigo. Familia hulima karibu na nyumba tu. Mara nyingi mabanio yako mbali, chini ya mlima, mahali ambapo hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hata wakulima ambao hawakuhama hawathubutu kupanda kwenda kufungua maji.

5. Mavuno huporwa au hutozwa. Watu wenye silaha hungoja mpunga ukauke, kisha huchukua sehemu yao. Wengine huweka barieri barabarani na kudai franga kwa kila mfuko. Mkulima akihesabu, anaona kwamba afadhali alime kidogo cha kula tu.

6. Mbegu huliwa. Familia iliyokimbia bila chakula itakula mbegu, na hakuna anayeweza kuilaumu. Kupanda mpunga katika hekta moja kwa kupandikiza kunahitaji kama kilo 40 mpaka 60 za mbegu. Anayerudi mikono mitupu atazipata wapi?

7. Vyombo hupotea. Milango ya chuma ya mabanio hung'olewa ikauzwa kama chuma chakavu. Majembe huporwa. Ng'ombe wa kuuzwa kwa kulipa wafanyakazi hawapo tena.

KWA NINI WATU HUACHA MPUNGA NA KUPANDA MIHOGO

Ukipita barabara ya taifa namba 5 baada ya miaka ya vita, unaona mihogo pale palipokuwa mpunga. Wakulima si wavivu. Wanafikiri vizuri.

Mpunga unadai maji, wafanyakazi wengi, siku maalumu ya kuvuna na ghala. Ukishavunwa, umewekwa katika mifuko na ni rahisi kuporwa. Mihogo haidai mfereji. Inaweza kukaa ardhini mwaka mmoja au zaidi, ikimngoja mwenyewe. Anayetaka kuiba lazima achimbe. Na majani yake, sombe, huliwa kila siku. Kwa mtu asiyejua kama atalala nyumbani kesho, muhogo ni akiba iliyofichwa chini ya udongo.

Lakini chaguo hilo lina bei yake. Mihogo peke yake hulisha tumbo bila kujenga mwili wa mtoto, maana ina protini kidogo sana. Haileti franga za shule kama mpunga. Tena, ugonjwa wa mozaiki unaokunja majani ya mihogo ulienea sana mashariki mwa Kongo, kwa sehemu kwa sababu watu waliohama walibeba na kugawana vijiti vya kupanda bila kujua kwamba vina ugonjwa. Pia kadiri watu wanavyouacha mpunga, ndivyo wanavyouacha mfereji, na mfereji ulioachwa miaka mitano si kazi ya majembe tena.

NJAA HUFIKA MPAKA MJINI

Uwanda wa Ruzizi unalisha Uvira na Bukavu. Mpunga, nyanya na mahindi hupanda kwa malori kwenda sokoni. Mavuno yakipungua na barabara ikifungwa, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mjini bei hupanda, na kijijini mwenye mavuno kidogo hana wa kumuuzia. Nyanya zinaoza Sange wakati mama wa Bukavu hana nyanya sufuriani.

Familia zinazopokea wahamaji nazo huumia. Nyumba iliyokuwa na watu sita sasa ina watu kumi na wawili, na chakula ni kile kile. Wanakula ghala, kisha mbegu, kisha wanavuna mihogo kabla haijakomaa. Kwa hiyo vita vilivyopigwa Luvungi vinaweza kupunguza mavuno ya kijiji ambacho hakikusikia hata risasi moja.

SHAMBA HILI NI LA NANI?

Watu wanaporudi, mara nyingi hukuta mtu mwingine analima. Pengine naye ni mhamaji aliyetoka mlimani. Pengine alipewa na kapita, au aliuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza. Kila mmoja ana ushahidi wake wa mdomo.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya serikali. Ardhi inayolimwa kwa desturi ilipaswa kupangiwa utaratibu wake kwa amri ya rais, lakini amri hiyo haikutolewa. Ndiyo maana mkulima mwenye baraka ya Mwami na mwingine mwenye karatasi ya ofisi wanaweza kudai shamba moja, kila mmoja akiamini kwamba haki ni yake.

Ugomvi huo unagusa mfereji moja kwa moja. Nani atasafisha kipande cha shamba lenye kesi? Anayelima hataki kufanya kazi ya mwingine. Anayedai haruhusiwi kuingia. Wakati wanangojana, tope linajaa na walio chini wanakosa maji. Kesi ya watu wawili inakuwa njaa ya watu hamsini.

NG'OMBE NA MFEREJI

Jambo jingine ni ng'ombe. Wakati wa kiangazi wafugaji wa milimani huteremsha ng'ombe kutafuta majani na maji uwandani. Desturi hii ni ya zamani, na ilikuwa na kanuni zake. Mfugaji alikuja kwa chefu, akapewa njia ya kupita, na akatoa kile kinachoitwa itulo kama ishara ya kuheshimu wenye ardhi.

Vita vilivunja mapatano haya. Wakulima waliokimbia waliacha njia za ng'ombe bila alama, na waliorudi walilima juu ya njia hizo. Wafugaji nao, wakiogopa wezi wenye silaha, walipitisha ng'ombe mahali penye usalama, hata kama ni ndani ya shamba. Ng'ombe wakinywa maji mferejini huvunja kingo, na ukingo ukivunjika maji hupotea usiku mmoja. Mkulima anaona adui, mfugaji anaona adui, na wenye silaha wanapata sababu ya kujiita walinzi wa upande huu au ule. Mara nyingi kilichokosekana ni kitu kidogo: mahali pa kunyweshea palipokubaliwa na wote.

SHERIA YA VITA INASEMA NINI?

Ni vizuri viongozi wajue kwamba mfereji unalindwa na sheria. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inahusu vita vya ndani ya nchi, na Kongo imejiunga nayo. Kifungu cha 14 kinakataza kuwaua raia kwa njaa kama njia ya kupigana. Kinakataza kushambulia, kuharibu au kuondoa, kwa kusudi hilo, vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo. Kinataja wazi vyakula, mashamba, mazao, mifugo, maji ya kunywa na kazi za umwagiliaji. Sheria hii inawafunga askari wa serikali na waasi pia.

Vilevile Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wahamaji wa ndani zinasema kwamba mali iliyoachwa na mhamaji inapaswa kulindwa, na kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kumsaidia kuirudishiwa au kulipwa. Kuhama hakumwondolei mtu haki ya shamba lake.

NINI KIFANYWE?

Kwa familia zilizohama:

- Mkiwa bado mbali, andikeni mipaka ya shamba lenu na majina ya majirani wa pande zote nne, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai.
- Jaribuni kuhifadhi mbegu kidogo. Hata kopo moja la mpunga mzuri linaweza kuzalishwa kuwa mfuko katika msimu mmoja.
- Kabla ya kurudi shambani ulizeni kama kuna mabomu yasiyolipuka. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Wekeni alama mbali nacho na mjulishe viongozi.
- Msianze na mpunga kabla ya kutembea mfereji mzima, kutoka banioni mpaka mwisho. Msimu wa kwanza pandeni vitu vya haraka kama lengalenga na maharagi, huku mkisafisha.
- Chagueni vijiti vya mihogo vyenye majani mazima. Vilivyokunjamana msivipande wala kuwapa wengine.
- Mkikuta mtu analima shamba lenu, msimfukuze kwa panga. Mwombeni kapita na wazee wasikilize pande zote. Mahali pengi watu wamekubaliana hivi: aliyepanda avune mazao yake, kisha arudishe shamba kwa siku iliyotajwa mbele ya mashahidi.

Kwa viongozi:

- Tieni katika kamati ya maji watu wa juu na wa chini ya mfereji, wenyeji na wahamaji, wakulima na wafugaji. Akina mama wawemo kwa idadi ya kutosha, kwa kuwa ndio wanaolima zaidi.
- Zamu ya maji itangazwe barzani na iandikwe mahali ambapo wote wanaiona.
- Shamba lenye kesi lisizuie salongo. Kamati isafishe kipande hicho kwa niaba ya wote, na itangaze kwamba kusafisha si ushahidi wa umiliki.
- Wekeni njia ya ng'ombe na mahali pa kunyweshea kabla ya kiangazi, si baada ya ugomvi.
- Zungumzeni na makamanda walio katika eneo lenu ili watu waende banioni kwa usalama siku zilizopangwa.

TAHADHARI: MAJI YAKIRUDI

Wengi wanafikiri kwamba mfereji ukitengenezwa amani itakuja yenyewe. Sivyo. Shamba kavu halina wa kuligombania. Maji yakifika, thamani yake hupanda, na watu wakubwa ambao hawakuonekana wakati wa tope hujitokeza na karatasi. Mjane aliyelima hapo miaka kumi anaambiwa aondoke. Kwa hiyo swali la nani atalima linapaswa kujibiwa kabla ya kuchimba, mbele ya wote, na jibu liandikwe. Mashirika yanayoleta saruji na mabomba nayo yanapaswa kungoja jibu hilo.

Pamoja na hayo, kuna jambo la kutia moyo. Mfereji hauwezi kusafishwa na kabila moja wala na upande mmoja. Aliye chini anamhitaji aliye juu, na aliye juu akipasua ukingo kwa hasira, naye hukosa amani na soko. Watu ambao hawajaweza kukaa meza moja kuzungumza juu ya wafu wao wanaweza kusimama katika tope moja, kila mmoja na jembe lake, kwa sababu wote wanataka watoto wao wale. Mazungumzo mengine hufuata baadaye.

MASWALI YA KUJADILIANA BARZANI

1. Katika kijiji chetu, ni kipande gani cha mfereji kisicho na mwenyewe leo, na mwenyewe yuko wapi?
2. Ni nani anayekosa maji kwetu, na je, yumo katika kamati?
3. Watu waliohama wakirudi kesho, watapata wapi shamba, mbegu na zamu ya maji?
4. Ng'ombe watapita wapi kiangazi kijacho?
5. Ni kazi gani tunayoweza kuianza juma hili bila kungoja msaada?

Zungumzeni bila haraka. Yale mtakayokubaliana, yaandikeni, na yasomwe tena mbele ya wote kabla ya msimu kuanza.